Mkindu, Mkoma na Mkeka wa Lamu: Kazi Inayoanzia Porini

Mgeni anayeuliza katika maduka ya Lamu ni majani gani yaliyosukia mikeka na vikapu vinavyoning'inia mlangoni mara nyingi huambiwa kwamba ni majani ya mnazi, na jibu hilo limeshazoeleka hata miongoni mwa wenyeji waliozaliwa mjini na wasiowahi kufuata ukindu porini. Si jibu sahihi. Mnazi ni mti wa shamba, uliopandwa na watu, nao una kazi zake katika ususi. Lakini mkeka wa kulalia, msala wa kusalia, kawa ya kufunikia chakula na jamvi la kuanikia nafaka hutokana na mitende miwili ya porini ambayo haikupandwa na mtu: mkindu na mkoma. Kuichanganya miti hii mitatu si kosa la jina tu, kwa sababu kila mmoja humea mahali pake, hukatwa kwa namna yake na huvumilia kukatwa kwa kiasi chake. Asiyeijua tofauti hiyo hawezi kuelewa kwa nini mkeka mzuri umeadimika, na huishia kuwalaumu vijana kwamba wameacha kusuka, hali ya kuwa sehemu kubwa ya shida iko kwenye mti wenyewe.

Tuanze na mkindu, ambao wataalamu wa mimea huuita Phoenix reclinata. Huu ni ndugu wa damu wa mtende wa tende tunazozila Ramadhani, na asili yake ni bara la Afrika, Madagaska, Komoro na pembe ya kusini ya Arabuni. Hupenda maji: utaukuta kando ya mito, kwenye mabonde yanayofurika masika, pembeni mwa mabwawa na mahali ambapo maji hayako mbali chini ya ardhi. Ndiyo maana katika kaunti ya Lamu mikindu haipatikani kwenye michanga ya Shela wala juu ya matumbawe ya Manda, bali bara, upande wa Witu na maeneo yanayokaribia delta ya mto Tana, na pia kandokando ya ziwa Kenyatta karibu na Mpeketoni. Shina lake ni jembamba na aghalabu huinama, na kutoka shina moja huchipuka mengine mengi hata kikawa kichaka ambacho mtu hawezi kukipenya. Kuna mkindu dume na mkindu jike, kila mmoja ukiwa mti wa peke yake, na ule wa kike ndio unaozaa vitunda vidogo vya rangi ya chungwa ambavyo watoto huvila na ndege pamoja na nyani huvishindania. Katika misitu ya ukingo wa Tana matunda hayo ni sehemu muhimu ya chakula cha garasa wa mto Tana, aina ya nyani asiyepatikana mahali pengine popote duniani.

Jani la mkindu ni refu, lenye vijani vingi vyembamba vilivyopangwa huku na huku ya uti mmoja, na vile vya chini karibu na shina vimegeuka kuwa miba mirefu yenye kuchoma vibaya. Kwa mbali linaweza kudhaniwa kuti la mnazi, lakini kuna alama moja ambayo haidanganyi, na yeyote anaweza kuihakikisha kwa macho yake. Shika kijani kimoja ukitazame pale kinaposhikana na uti. Cha mkindu kimekunjwa kuelekea juu, mfano wa mfereji unaoweza kukinga tone la mvua. Cha mnazi kimekunjwa kuelekea chini, kama paa la nyumba linalomwaga maji pande zote mbili. Mitende karibu yote yenye majani marefu ya namna hii hukunja vijani vyake kuelekea chini, na jamii ya mkindu na mtende ni miongoni mwa chache zilizojitenga kwa kukunja juu.

Mkoma hauchanganywi na mwingine kwa urahisi, kwa kuwa jani lake limetandazika kama upepeo uliofunguliwa. Katika pwani yetu kuna zaidi ya aina moja, zote za jamii ya Hyphaene: kuna ule mfupi unaoota kwa vichaka, na kuna ule mrefu ambao shina lake hugawanyika mara mbili, kisha kila tawi likagawanyika tena, jambo ambalo ni nadra sana katika mitende. Majina hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, kwani wengine huuita mkoche, wengine mlala, na ukifika Malindi na vijiji vya Wagiriama vya kule ndani utasikia zaidi hilo la mwisho. Mkoma huvumilia yale ambayo mkindu hauyawezi: jua kali, ardhi yenye chumvi, ukame wa miezi mingi, na hata moto wa nyika, ambao huunguza majani na kuacha mti ukichipua upya. Tunda lake, koma, ni gumu, la rangi ya kahawia, na ganda lake lenye nyuzinyuzi lina utamu wa kutafuna. Tembo hupenda kulimeza zima, kisha huiacha mbegu mbali na mti mama, na hivyo ndivyo mikoma mingi ya nyika za bara ilivyopandwa.

Kutoka kwa mkindu tunapata ukindu. Kutoka kwa mkoma tunapata miyaa. Vijani vya mkindu ni vifupi, vyembamba na laini, kwa hiyo vinafaa kazi ya mkono mwepesi: mikeka ya kulalia, misala, kawa, mapepeo, vitanga vya kulia. Majani ya mkoma ni marefu zaidi, mapana na magumu, kwa hiyo ndiyo ya majamvi, makanda ya kuwekea nafaka na tende, vikapu vya sokoni, vifagio, na kamba ya kusokotwa au kusukwa iitwayo ukambaa, inayotumiwa kufungia mizigo na kuwambia vitanda. Mnazi nao huchangia kwa njia nyingine. Makuti yake hushonwa kwenye vijiti yakawa ya kuezekea. Kuti zima likipasuliwa uti na kusukwa huwa kumba la ua. Na pakacha la kubebea samaki au maembe husukwa papo hapo kwa kuti bichi, likatumika siku chache na kutupwa. Makumbi ya nazi yakiozeshwa kwenye matope ya pwani hutoa usumba wa kamba isiyoogopa maji ya chumvi. Wahenga waliijua tofauti ya nguvu kati ya nyuzi hizi waliposema kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa: kamba ya usumba hata ikichakaa hushinda ukambaa uliotoka mkononi jana.

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo ndilo moyo wa kazi yote, nalo ni jani lipi linalokatwa. Msusi hatafuti jani lililokomaa. Jani la mkindu au mkoma likishachanua na kupigwa na jua hugeuka kijani, likawa gumu, na likikaushwa huvunjika kwenye mkunjo. Linalotakiwa ni lile changa la katikati ya kilele, ambalo bado limefumba na limesimama wima kama ncha ya mkuki, vijani vyake vikiwa vimebanana. Kwa kuwa mwanga haujaingia ndani yake, rangi yake ni ya maziwa iliyochanganyika na kijani hafifu. Kwa kuwa nyuzi zake hazijakaza, hukubali kupindwa mara nyingi bila kupasuka. Na kwa kuwa ni jeupe, hushika rangi sawasawa. Ubora wa mkeka umeshaamuliwa hapo, kabla mkono haujasuka chochote. Ukindu uliokatwa umechelewa kidogo hauwezi kurekebishwa na fundi yeyote, hata awe hodari namna gani.

Kwa msingi huo huo ndipo hatari inapoingia. Mtende hauna matawi ya kuchipua ubavuni kama mwembe au mkwaju. Kila shina, au kila tawi kwa ule mkoma mrefu, lina kilele kimoja tu, na ndani ya kilele hicho mna kiini ambacho majani yote ya siku zijazo yatatoka. Kukata jani moja lililofumba hakudhuru kiini, bali kunaupunguzia mti jani moja ambalo lingeutengenezea chakula. Mkataji akirudi mapema na kuchukua jani linalofuata, na lile la baada yake, mti hubaki na majani makuukuu yanayokauka moja baada ya moja, ukadhoofika, na majani mapya yakawa mafupi kila yanapotoka. Mafupi hayana faida kwa msusi, kwa hiyo mwenye pupa hujiharibia mwenyewe kwanza. Kanuni inayofaa ni rahisi kuisema: chukua moja, liache linalofuata lichanue, na usikate shina ambalo bado halijapata majani ya kutosha kuligharimia.

Ni lazima pia kutenganisha mkataji wa ukindu na watu wengine wanaotumia mti huohuo, kwa sababu mara nyingi hesabu huchanganywa. Mwenye kugema tembo, yaani pombe ya utomvu, kutoka kwa mkoma au mkindu hufikia kilele chenyewe, akakichonga kidogo kidogo ili utomvu utiririke, na shina lililogemwa hivyo mara nyingi hufa. Mwenye kutafuta moyo wa mti kwa ajili ya kuula huuua papo hapo. Mwenye kukata shina la kujengea hulimaliza. Mwenye kuchoma kichaka ili apande mahindi huondoa vyote pamoja. Mkindu una nafuu kwamba shina moja likifa kichaka hubaki na kinaweza kutoa machipukizi mapya; mkoma mrefu wa shina moja hauna nafuu hiyo. Kumwona mwanamke anayerudi na mzigo wa ukindu kichwani na kumwita mharibifu wa mazingira, huku mashamba mapya yakifyekwa nyuma yake, ni dhuluma, nami naona inafaa isemwe hivyo bila kuzungushwa.

Ukindu ukifika nyumbani hufunguliwa vijani vyake na kuanikwa. Jua la mchana huukausha na kuupausha, na umande wa usiku huuzuia usikakamae, kwa hiyo hugeuzwa na kuachwa nje mpaka uwe mweupe wa majani makavu. Mvua ikiukuta katika hali hiyo, huota madoa meusi ya ukungu ambayo hayatoki, na ndiyo sababu kazi hii haifanywi masika. Baada ya hapo kila kijani huondolewa uti wa katikati na kingo zake ngumu, kisha huchanwa kwa kisu au kwa ukucha wa kidole gumba kuwa chane za upana mmoja. Wepesi wa mkeka hutegemea wembamba wa chane, na usawa wake hutegemea usawa wa chane. Mwanafunzi hupewa kuchana kabla ya kupewa kusuka, na huenda akaikaa kazi hiyo muda mrefu kuliko alivyotarajia.

Rangi hutiwa kwenye chane zilizokwisha kuchanwa. Siku hizi rangi ya unga inayouzwa madukani huchemshwa katika sufuria, chane zikatumbukizwa kwa mafungu, zikageuzwa mpaka zienee, kisha zikaanikwa kivulini. Nyekundu, kijani, zambarau na nyeusi ndizo zinazoonekana zaidi. Zamani rangi zilitoka kwenye mimea na udongo. Magome ya mkoko, kwa mfano, hutoa wekundu wa kahawia ambao mabaharia walijua pia kuutumia. Siamini kwamba rangi ya unga imeuharibu ususi, kama wanavyodai baadhi ya wapenzi wa mambo ya kale. Imewapa wasusi uwanja mpana wa kupangia michoro; kasoro yake ni kwamba ile ya bei rahisi hupauka upesi ikipigwa na jua, na mnunuzi asiyejua hulaumu ukindu.

Kusuka kwenyewe hakuanzi na mkeka mzima, na hapa ndipo watu wengi wanapopigwa na mshangao wanapoona kazi hii kwa mara ya kwanza. Kinachosukwa ni ukanda mwembamba na mrefu uitwao ukili. Msusi huketi juu ya jamvi, miguu ameinyoosha mbele, chane amezilowesha kwa maji kidogo au amezifunga katika kitambaa chenye unyevu, kwa maana chane kavu hukatika. Huanza kwa chane chache alizozipishanisha kichwani, akaongeza nyingine mpaka afikie upana anaoutaka. Kila uchane huenda mshazari: hutoka ukingo mmoja, ukapita juu ya mwenzake na chini ya mwingine, ukafika ukingo wa pili, hapo ukakunjwa na kurudishwa upande ulikotoka. Vidole vya mkono wa kushoto hushikilia na kubana, vya mkono wa kulia huinua na kupitisha, na kidole gumba husukuma kila mkunjo ukae mahali pake. Uchane unapokaribia kwisha, mpya huwekwa juu yake, ikatembea miwili pamoja hatua chache, kisha ule wa zamani ukaachwa. Ncha zilizobaki hujitokeza upande wa chini kama manyoya na hukatwa kazi ikiisha. Ukili ulioanza kukamilika huviringishwa na kuwekwa kando ya goti, na kadiri siku zinavyopita ndivyo mviringo unavyonenepa.

Michoro hutokana na hesabu ya kupisha. Ukipitisha juu ya mmoja na chini ya mmoja utapata uso wa kawaida; ukipitisha juu ya miwili na chini ya miwili mistari huanza kupanda kwa mshazari; na ukiingiza chane za rangi kwa mpangilio, mistari hiyo hugeuka kuwa pembe, madirisha au mawimbi. Hakuna karatasi yenye mchoro. Mpango wote umo kichwani na vidoleni, na msusi anayekosea kupisha mara moja hulazimika kufumua mpaka alipokosea, kwa sababu kosa halikai peke yake bali hukimbia na mstari mpaka mwisho. Wasusi wa visiwani, hasa wanawake wa Kibajuni wa Pate, Faza, Ndau na Kiwayu, wana sifa ya kazi ya namna hii, nao huufanya ususi kati ya kazi nyingine: baada ya kuteka maji, kabla ya kupika, wakati wa mazungumzo ya alasiri. Ndiyo maana ni vigumu kumtajia mtu saa zilizoingia katika mkeka mmoja, na ni rahisi kwa mnunuzi kujidanganya kwamba hazikuwa nyingi.

Kili zikitosha hushonwa ubavu kwa ubavu. Mshono hupitishwa ndani ya mikunjo ya kingo kwa uzi wa miyaa au ukindu wenyewe, na ukiwa mzuri hauonekani. Mikunjo ya ukili huu huingia katika nafasi za ukili ule, michoro ikakutana, na jicho likaona kitambaa kimoja kipana. Kisha kingo za nje hukunjwa na kushonwa zisifumuke. Kwa kuwa mkeka umejengwa kwa kili, ukichanika sehemu moja unaweza kufumuliwa hapo tu na kuwekwa ukili mpya, jambo ambalo zulia na mkeka wa plastiki haviliwezi.

Vitu vinavyotokana na kazi hii vilienea katika maisha yote ya nyumba ya Mswahili. Mtoto alilazwa juu ya mkeka. Watu walikaa juu ya mkeka kusoma Maulidi. Bi harusi alitandikiwa mkeka uliosukwa kwa ajili yake. Sinia ya pilau ilifunikwa kwa kawa na kuwekwa juu ya kitanga. Tui lilichujwa kwa kifumbu au kung'uto. Moto wa makaa ulipepewa kwa pepeo. Na maiti alipopelekwa makaburini, mkeka ulitandikwa katika jeneza. Misikitini, kabla mazulia hayajaenea, safu zilipangwa juu ya majamvi, na mtu mzima wa Lamu bado anaikumbuka alama ya kusuka iliyobaki kwenye paji la uso na magotini baada ya sala.

Bahari nayo ilikuwa na sehemu yake. Mtepe, chombo mashuhuri cha visiwa vya Lamu na Wabajuni, ulijengwa kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za usumba bila misumari, na tanga lake la mraba halikuwa la nguo bali la majani yaliyosukwa kama jamvi. Chombo hicho kilitoweka baharini mwanzoni mwa karne ya 20. Tunapozungumza juu ya ususi kama kazi ya ndani ya nyumba tu, tunasahau kwamba palikuwa na wakati ambapo upepo wa kaskazi ulikamatwa na majani yaliyosukwa, na kwamba wajenzi wa vyombo walitegemea wasusi kama walivyotegemea maseremala.

Vitu hivi vimepungua kwa sababu zinazojulikana, nazo hazihitaji maelezo marefu. Gunia liliondoa makanda, zulia liliondoa majamvi, godoro liliondoa mikeka ya kulalia, na mkeka wa plastiki unaoingizwa kutoka nchi za nje hauozi kwa mvua na huuzwa kwa bei ambayo msusi hawezi kushindana nayo. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na wengi walitumaini kwamba kikapu cha miyaa kingerudi sokoni. Kimerudi kwa kiasi, hasa kwa watalii na kwa wale wanaokitia mikono ya ngozi na bitana ya kitambaa, lakini mnunuzi wa kawaida amekimbilia mifuko mingine ya kiwandani. Soko la watalii lina faida yake, ila lina tabia ya kumlipa zaidi mwenye duka kuliko aliyesuka, na aliyekata ukindu ndiye wa mwisho kukumbukwa.

Huyo mkataji ndiye ninayetaka tumtazame, kwa sababu hata wasusi walio tayari kusuka sasa hulalamika kwamba ukindu haupatikani karibu. Mikindu inategemea mafuriko, na mafuriko ya Tana si yale ya zamani. Tangu mabwawa ya kuzalisha umeme yajengwe sehemu za juu za mto, likiwemo kubwa la Masinga lililokamilika mwaka 1981, maji yanayofika delta kwa vipindi vyake vya kawaida yamepungua, na misitu ya ukingoni iliyozoea kulowa kila mwaka imeathirika. Delta hiyo iliwekwa mwaka 2012 katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar, heshima inayostahili, lakini orodha peke yake haileti maji. Upande wa nchi kavu, mabonde yenye unyevu ndiyo ya kwanza kutamaniwa na mkulima kwa kuwa udongo wake una rutuba, na ndimo hasa mikindu ilimo. Kwa msitu wa Boni kuna sababu nyingine: tangu operesheni ya usalama iliyoitwa Linda Boni ianze mwaka 2015, jamii za Waboni na majirani zao zimepata ugumu wa kuingia porini kwa uhuru waliokuwa nao kutafuta asali, dawa na majani ya kusukia. Jambo hilo halitajwi sana katika mazungumzo ya ususi, na linastahili kutajwa.

Kisheria mlango haujafungwa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inaruhusu jamii zinazoishi kando ya msitu kuunda chama kilichosajiliwa, kikaingia katika makubaliano na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, na wanachama wakapata haki ya kutumia mazao ya msitu yasiyo mbao. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka huohuo nayo inawezesha kijiji kusajili ardhi yake na kuweka kanuni zake za matumizi. Wasusi wakiingia katika vyama hivyo kama wasusi, na si kama wanawake waalikwa wa kupika chai ya mkutano, wanaweza kudai kwamba mabonde ya mikindu yahesabiwe, yatengwe na yakatwe kwa zamu.

Swali linaloulizwa sana ni kama miti hii inaweza kupandwa, na jibu ni tofauti kwa kila mmoja. Mkindu hupandika. Mbegu yake ikitolewa nyama na kuloweshwa, ikatiwa katika udongo wenye unyevu, huota baada ya wiki au miezi, na mche wake unaweza kulelewa katika mfuko kisha kuhamishiwa ukingoni mwa kisima, bwawa au mfereji. Machipukizi ya pembeni yaliyokwisha kupata mizizi pia yanaweza kutenganishwa na mti mama. Anayepanda mbegu akumbuke kwamba hawezi kujua upi ni dume na upi ni jike mpaka itoe maua, ingawa kwa ukindu hilo halidhuru, kwa kuwa yote hutoa majani. Mkoma ni mkaidi. Mbegu yake ikianza kuota haitoi jani kwanza, bali husukuma mkono mrefu chini kabisa ya ardhi, na mche hujengeka huko chini kabla ya kuonekana juu. Mfuko wa kitalu hauna kina cha kutosha, na mche ukishahamishwa huwa umekatwa mahali pabaya. Kwa mkoma, basi, mbegu ipandwe pale pale inapotakiwa kubaki, na nguvu zaidi ziende katika kuilinda ile ambayo tayari imesimama. Kwa mkindu, vitalu vinaweza kuanzishwa katika miji ya Witu, Hindi na Mpeketoni msimu wowote ambao mvua imekaribia na matunda yameiva.